Mbao za msonobari

Mbao za msonobari (kwa mafundi wa Tanzania: mbao za paina) hupasuliwa kutoka miti ya jenasi Pinus. Katika nyanda za juu za kusini mwa Tanzania hupandwa hasa Pinus patula, mti wenye asili ya Mexiko. Shamba la serikali la Sao Hill, wilayani Mufindi, ndilo kubwa kuliko yote ya aina hiyo nchini.

Zinahesabiwa kuwa "mbao laini", ingawa jina hilo ni la kibotania tu: linahusu miti isiyotoa maua, yenye mbegu ndani ya koni. Balsa, iliyo nyepesi kuliko paina, imo katika kundi la mbao ngumu.

Sifa na matumizi

Rangi yake ni nyeupe yenye umanjano. Mbao kavu ina uzito wa takriban kilo 400 hadi 500 kwa mita ya ujazo, chini ya mninga. Hupigwa randa kwa urahisi, hupokea misumari na hushika gundi vizuri. Taabu iko kwenye vifundo, ambavyo ni vigumu kuliko sehemu inayovizunguka, na kwenye utomvu, unaochafua msumeno na kujitokeza juu ya rangi. Kwa sababu hiyo vifundo hupakwa shelaki kwanza.

Hutumika kwa kenchi za paa, dari, makabati, rafu, masanduku na kushikilia zege. Kwa meza inayotumika sana si chaguo bora, maana hubonyea haraka.

Umri wa mti

Pete za kwanza karibu na moyo wa mti zina nyuzi fupi na dhaifu, nazo hujikunja zinapokauka. Mti uliokatwa ukiwa na miaka 8 au 10 hutoa mbao ambazo karibu zote ni za namna hiyo. Dalili huonekana kwenye ncha ya mbao: moyo wa mti katikati na pete pana sana. Mbao kama hiyo yafaa kwa sanduku. Kwenye kenchi ni hatari.

Ukaushaji

Mbao mbichi inaweza kubeba maji mengi kuliko uzito wake yenyewe ikiwa kavu. Inapokauka husinyaa kwa upana, si kwa urefu, hivyo kabati lililoundwa mapema hufunguka viungo. Mbao hupangwa kivulini, juu ya ardhi, zikitenganishwa kwa vijiti vilivyonyooka mstari mmoja toka chini hadi juu. Zikilundikwa bila vijiti huota kuvu na kupata madoa ya bluu. Madoa hayo hayapunguzi sana nguvu, lakini yanaonyesha kuwa mbao ilikaa na maji.

Dawa

Bila dawa, paina huliwa na mchwa upesi. Kwa bahati hunyonya dawa vizuri ikisukumwa kwa shinikizo katika tangi. Ile ya kupaka kwa brashi hubaki juujuu. Dawa ya shaba, kromi na aseniki huacha rangi ya kijani. Mbao ikikatwa baadaye, ncha mpya hupakwa dawa tena, kwa kuwa ndani huenda haikufika. Vipande vilivyobaki havifai kuwa kuni, kwani moshi na majivu yake yana aseniki, ambayo ni sumu.