Lenzi Kuukuu Isihukumiwe kwa Mkwaruzo

Katika nyumba nyingi za Eastlands, kamera za filamu walizotumia wazee wetu zimelala kabatini. Makongeni, mtaa uliojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa reli, haukukosa kamera kama hizo. Lenzi zake nyingi zaweza kufungwa kwenye kamera za kidijitali kwa kiunganishi, zikawafaa wanafunzi wetu.

Ajabu ni kwamba mtu akiuona mkwaruzo mmoja juu ya kioo huitupilia mbali lenzi nzima. Mwenzake hununua nyingine inayong'aa, asijue kwamba ndani imeota kuvu. Huo ndio uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Wote wawili wamehukumu kwa sura.

Ikumbukwe kwamba kila nukta ya picha huundwa na miale inayopita katika eneo pana la lenzi. Mwalimu wa fizikia aweza kulithibitisha hilo kwa kufunika nusu ya lenzi ya maabara inayotupa taswira ya mshumaa ukutani. Taswira haitakatika, itabaki nzima, ila itafifia. Vivyo hivyo, mkwaruzo mwembamba wa kioo cha mbele huzuia mwanga kidogo mno, wala hauchori mstari katika picha.

Hata hivyo, hauko bila madhara. Kingo zake hutawanya mwanga, hasa jua linapoikabili lenzi, nayo picha huwa kana kwamba imetandwa na ukungu, weusi wake ukageuka kijivu. Kuikinga lenzi na jua kwa kiganja hupunguza dosari hiyo. Mkwaruzo wa kioo cha nyuma, kilicho karibu na filamu, hudhuru zaidi.

Adui mkubwa ni kuvu. Huota penye giza na unyevu, na asidi zake hula utando wa kioo, hivi kwamba alama zaweza kubaki hata baada ya kusafishwa. Lenzi iliyoanguka nayo yaweza kuwa na vioo vilivyokwenda upande: picha huwa kali upande mmoja na hafifu upande wa pili. Hilo halitibiwi kwa kitambaa.

Basi, anayenunua amulike lenzi kwa kurunzi kutoka nyuma, kisha apige picha mbili: moja ya ukuta wa matofali, nyingine ya kitu chenye mwanga mkali nyuma yake. Naye aliye na lenzi aondoe vumbi kwa kipulizio kabla ya kupangusa, maana kusugua mchanga kwa shati ndiko kunakozaa mikwaruzo. Aiweke mahali pakavu.

Nawasihi walimu wasizitupe kamera hizi. Nyumba za kale jijini zinazidi kupisha majumba ya ghorofa, na nyumba ikishabomolewa haipigwi picha tena. Mwanafunzi mwenye lenzi iliyokwaruzwa aweza kuuhifadhi mtaa wake leo, na wajukuu hawatalalamika kwamba weusi wa picha umefifia kidogo.