Arkidikoni Owen na Dhahabu ya Kakamega

Dhahabu ilipoonekana karibu na Kakamega mwaka 1931, wenyeji walikuwa na sheria ya kuwalinda. Sheria hiyo ya mwaka 1930 ilisema kwamba ardhi yao ni yao milele, na sehemu ikitwaliwa kwa kazi za Serikali, sharti wapewe nyingine ya kadiri ile ile. Desemba 1932 iligeuzwa: shamba likitwaliwa kwa ajili ya machimbo, malipo ya fedha yalitosha, wala haikulazimu Baraza la Wenyeji liulizwe kwanza.

Miongoni mwa waliopinga kwa nguvu alikuwa mhubiri, Arkidikoni Walter Edwin Owen wa misheni ya CMS. Alifika Uganda mwaka 1904, na tangu 1918 alisimamia makanisa ya Kavirondo, yaani Nyanza na Magharibi. Mwaka 1923 alikigeuza chama cha vijana wenye malalamiko kuwa Chama cha Ustawi wa Walipa Kodi. Wanachama waliahidi kuchimba vyoo, kuua panya na kupanda miti. Wengine walinung'unika, wala si bila sababu, kwamba siasa imegeuka kuwa mambo ya vyoo.

Lakini katika habari ya ardhi hakulegea. Balozi hakuwa, hata hivyo aliyafikisha malalamiko ya wakulima Uingereza kwa barua na magazeti, na mwanzoni mwa 1933 Bunge la London likaijadili habari ya Kakamega. Walowezi wakakigeuza cheo chake, wakamwita Shetani Mkuu. Sheria haikurudishwa. Owen alifariki mwaka 1945. Mgodi wa Rosterman ukafungwa mwaka 1952.