Koller: Mrefu Aliyefanya Kazi kwa Kifua

Akitajwa Jan Koller, wengi hukumbuka urefu wake tu: mita 2.02. Mimi ningeanza na mabao. Aliichezea timu ya taifa ya Jamhuri ya Czech mechi 91 na kufunga mabao 55. Ndiyo rekodi ya nchi yake. Milan Baroš, anayemfuata, aliishia 41.

Mshambuliaji mrefu anayetegemea kichwa pekee huzoeleka upesi. Mabeki humbana kabla hajaruka, na kazi yake inaishia hapo. Koller aliwasumbua kwa jambo jingine. Alipokea mpira mrefu akiwa amelipa lango mgongo, akautuliza kifuani huku beki amemwegemea, kisha akamwachia mwenzake anayekuja kasi akiliona lango. Kwa mguso huo mmoja, viungo wote wa timu pinzani wamekwisha kupitwa.

Tazama mechi ya Euro 2004 pale Aveiro, Ureno. Uholanzi ilikuwa inaongoza 2-0. Koller akarudisha moja kwa pasi ya Baroš. Kipindi cha pili mpira ukamjia juu. Akaushusha kwa kifua, Baroš akaufumua wavuni, 2-2. Vladimír Šmicer akamalizia la tatu. Kwangu mimi, kifua kile kilikuwa na thamani sawa na bao.

Ubelgiji ndiko alikoiva: mfungaji bora wa ligi akiwa Lokeren, kisha bingwa mara mbili na Anderlecht. Mwaka 2002 akatwaa ubingwa wa Ujerumani na Borussia Dortmund. Novemba ya mwaka huohuo, dhidi ya Bayern, kipa Jens Lehmann alipolambwa kadi nyekundu, Koller ndiye aliyevaa glavu. Alikuwa amekwisha kufunga bao siku hiyo. Ujanani alifunzwa ukipa, na langoni hakufungwa hata moja, ingawa Dortmund walilala 2-1.

Kombe la Dunia 2006, Gelsenkirchen: dakika ya 5 tu akaifunga Marekani kwa kichwa. Kabla ya mapumziko akatolewa kwa machela, misuli ya nyuma ya paja imeumia. Wacheki walishinda 3-0, lakini mashindano yake yalikuwa yamekwisha. Bila yeye wakafungwa 2-0 na Ghana, kisha 2-0 na Italia, wakatoka hatua ya makundi bila kupata bao jingine.