Unauza dawa ya klorini? Jua hesabu ya kuzimua

Uko Kidete, mteja yuko Kilosa mjini, anakuuliza WhatsApp: “Hii nachanganyaje na maji?” Usimjibu “kadiria tu.” Soma lebo. Ikiwa dawa ni 3.5% naye anataka 0.5% ya kusafishia choo, gawanya: 3.5 kwa 0.5 ni 7. Hizo ni sehemu zote: kikombe 1 dawa, vikombe 6 maji. Wengi wanaweka maji 7, nguvu inapungua.

Maji yakizidi sana, vijidudu havifi. Dawa ikizidi, inaunguza ngozi.

Usizimue mapema ukajaza chupa za maji ya kunywa: dawa inaisha nguvu, na mtoto anaweza kuinywa. Uza kwenye chupa yake, kipimo kiandike kwenye posti. Mteja akiona matokeo, anarudi mwenyewe.