Kompyuta ikijaa, usikimbilie kufuta

Kitai ni njia panda. Atokaye Songea akifika hapo huchagua: aendelee na lami kwenda Mbinga mjini, au apinde kuelekea Ruanda, Lituhi na hatimaye pwani ya Ziwa Nyasa. Malori ya makaa ya mawe yatokayo Ngaka hupita hapo mchana na usiku, na vumbi lake huingia kila mahali, hata ndani ya kompyuta ya madrasa iliyofunikwa kwa kanga. Nilikwenda kumjulia hali mjomba, nikakuta kompyuta hiyo imekuwa mazungumzo ya jamaa wote wa msikitini.

Ilikuwa mashine ya mtumba, yenye Windows 7 na diski ya gigabaiti 80. Iliwashwa muadhini akiadhini, ikafunguka watu wamekwisharudi kutoka kuswali. Na ikifunguka, jambo la kwanza ilionya kwamba diski imejaa. Ustadhi alishindwa kuandika hata orodha ya watoto wapya. Vijana waliipeleka mjini kwa fundi, naye akatoa dawa moja tu: kupiga Windows upya, kila kilichomo kifutike. Kamati ilikwisharidhia. Aliyekataa ni mjane wa al-marhum sheikh aliyeiasisi madrasa ile. "Mwanangu," aliniambia, "humo mna sauti ya mzee wako. Wakiifuta, wataitoa wapi?"

Alikuwa na haki. Marehemu alidarsisha tafsiri kila Ramadhani baada ya Alasiri, na darsa zile zilirekodiwa katika kaseti. Mwanafunzi wake mmoja alizihamishia kwenye kompyuta miaka kadhaa iliyopita. Kaseti zenyewe ziliharibika kwa unyevu. Sauti iliyobaki ilikuwa ndani ya diski hiyo moja, ambayo kila mtu alikuwa anaitazama kama kihenge kilichojaa mahindi yenye dumuzi. Lakini hata kihenge hakimwagwi chote. Mkulima hutenga mbegu kwanza.

Basi tukaanza na mbegu. Tuliazima diski ya nje kutoka kwa mwalimu mmoja, tukanakili kila kitu kama kilivyo, bila kuchagua. Nasisitiza neno kunakili. Wengi hukata kitu upande mmoja na kukibandika upande wa pili, umeme ukakatika njiani, wakabaki wakijiuliza kipi kimefika na kipi hakikufika. Tangu gridi ya taifa ilipofika mkoani kwetu mwaka 2018 kwa njia ya Makambako hadi Songea, tumeagana na adha nyingi za majenereta ya dizeli, ila tahadhari haijapitwa na wakati. Nakili, kisha fungua nakala mbili tatu usikilize kama zinalia, ndipo ufute ulikotoka. Kazi hiyo ilituchukua usiku kucha.

Asubuhi kijana mmoja aliuliza swali ambalo huenda nawe msomaji umewahi kujiuliza: mbona diski imeandikwa 80, na kompyuta inasema 74.5? Hakuna aliyeiba. Mtengenezaji huhesabu gigabaiti moja kuwa baiti bilioni moja kamili, ilhali Windows huhesabu kwa mafungu ya 1,024, hivyo gigabaiti yake ni kubwa zaidi na idadi inapungua. Kiasi ni kilekile, vibaba ndivyo tofauti.

Kosa la wengi ni kufuta kwa kubahatisha. Mtu hufuta barua mia za Word, akapata nafasi isiyotosha hata picha kumi, huku mla nafasi mwenyewe amejificha. Tuliweka programu ya bure iitwayo WinDirStat, ambayo hupima kila kabrasha na kuonyesha lililo kubwa kuliko yote. Jibu lilitushangaza. Mla nafasi alikuwa sheikh mwenyewe, Allah amrehemu.

Yule mwanafunzi alizihifadhi darsa katika muundo wa WAV, ambao haubani sauti hata kidogo. Saa moja ya sauti ya namna hiyo, katika ubora wa sidii, hula takriban megabaiti 635. Darsa zilikuwa 40, kila moja ya saa nzima: gigabaiti 25 na ushei, theluthi ya diski. Ili kulipima hilo, diski ya kwanza ya kompyuta, iliyotolewa na kampuni ya IBM mwaka 1956, ilikuwa na sahani 50 na ukubwa wa kabati, na ilibeba herufi milioni 5 tu. Darsa moja ya Kitai ingehitaji makabati zaidi ya mia moja ya aina hiyo.

Dawa ikawa kuibana sauti, si kuifuta. Kwa programu ya Audacity, nayo ni ya bure, tuligeuza kila darsa kuwa MP3 ya mkondo mmoja, kwa kilobiti 64 kwa sekunde. Mtu mmoja akizungumza hahitaji mikondo miwili. Hiyo ni ya muziki. Kila saa ikashuka hadi megabaiti 29 hivi, na darsa zote 40 zikaingia katika gigabaiti moja na kitu. Tulimwita mama asikilize. Alikaa kimya mpaka mwisho, kisha akasema kikohozi chake nacho kimo. Zile WAV za asili hatukuzitupa. Zimehifadhiwa katika diski ya nje aliyoinunua mwanawe, kwa sababu kilichobanwa namna hii hakirudi katika uzima wake.

Mengine yalikuwa mepesi. Video ya harusi moja ilikuwamo mara tatu, katika makabrasha matatu yenye majina tofauti. Programu ya Disk Cleanup, iliyomo ndani ya Windows, iliondoa mafaili ya muda na masalia ya maboresho ya zamani. Kapu la taka lilikuwa halijamwagwa tangu lini sijui. Kumbuka kwamba kitu kilichomo kapuni bado kinakula nafasi. Kisha kuna faili lililofichwa liitwalo hiberfil.sys, ambamo kompyuta hujilaza usingizi mzito. Katika Windows 7 huchukua robo tatu ya kumbukumbu ya mashine, na kwetu ilikuwa gigabaiti moja na nusu. Kompyuta ya mezani isiyolazwa hivyo haina haja nalo. Amri ya powercfg -h off, ikiandikwa kwa mamlaka ya msimamizi, huliondoa. Msiguse kabrasha la Windows lenyewe kwa mkono. Nimeona mashine zikifa kwa ujasiri huo.

Katika kupekua ndipo lilipotokea jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Faili dogo la Excel, la kilobaiti chache, jina lake "Madeni". Lingefutwa kwa udogo wake tu. Ndani yake marehemu aliorodhesha vifaa vya kuezekea madrasa, na mbele ya mabati kumi na manane aliandika kwamba ameyakopa kwa jina lake, si la msikiti. Safu ya malipo ilikuwa tupu. Sote tuliokuwamo chumbani tulijua uzito wa deni kwa maiti, na kwamba aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ile ya Suratul Baqara, inahusu kuandika madeni. Yeye aliandika. Sisi ndio tulitaka kupiga Windows.

Mwanawe mkubwa alikwenda Mbinga kwa mfanyabiashara husika. Mzee yule alikuwa na daftari lake, ila aliona haya kuwadai waliofiwa. Walikubaliana kwamba deni litalipwa kahawa ikiuzwa.

Limebaki la sitara. Kufuta faili, hata kumwaga kapu, hakuliondoi papo hapo katika diski ya aina hii. Kompyuta huandika tu kwamba nafasi ile i huru, na kilichokuwapo hukaa mpaka kifunikwe na kingine. Hilo lina faida: ukifuta kwa makosa, acha kuitumia mashine mara moja, fundi anaweza kukiokoa. Lina hatari pia. Picha za mabinti na wake zetu katika sherehe za ndani zinaweza kufufuliwa na atakayeinunua kompyuta yako. Kabla ya kuiuza, diski ifutwe kwa programu inayoandika juu yake yote, au itolewe ibaki nyumbani. Na kwa kuwa Microsoft iliacha kuilinda Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, tumewashauri wa Kitai wasiiunganishe mashine yao na intaneti, na kila flashi ikaguliwe kwanza.

Tulipoiwasha mara ya mwisho ilikuwa na gigabaiti 38 wazi. Ustadhi aliandika majina ya watoto wapya, na mama akaomba apewe darsa zote katika kadi ya simu yake.