Pumu: Taabu Iko Katika Kutoa Pumzi

Mtu akishikwa na pumu, walio karibu humhimiza avute pumzi. Lakini shida yake kubwa ni kuitoa. Tunapovuta hewa, kifua hutanuka na kuvipanua kidogo vijia vya hewa vilivyomo. Tunapoitoa, husinyaa na kuvibana. Vijia vya mwenye pumu tayari ni vyembamba, basi hewa hukwama ndani, na mpya haipati pa kuingia kwa kuwa ya zamani haijatoka. Mluzi unaosikika kifuani ni wa hewa inayojipenyeza.

Vijia hupungua upana kwa mambo matatu kwa pamoja: misuli inayovizunguka hukaza, utando wa ndani huvimba, na makohozi mazito hujaa. Hesabu yake haina huruma. Upana wa mrija ukipungua nusu, ukinzani dhidi ya hewa inayopita kwa utulivu huongezeka mara 16. Ndiyo maana uvimbe mdogo tu humfanya mtu akeshe ameketi kitandani.

Inhela ya salbutamoli, iliyoanza kuuzwa mwaka 1969, hulegeza misuli ndani ya dakika chache. Uvimbe haiutibu. Baada ya saa 4 hadi 6 nguvu yake huisha, mgonjwa akabonyeza tena, na nafuu hiyo ya haraka ndiyo inayomdanganya. Mwaka 2019 jopo la kimataifa la pumu, GINA, liliacha kupendekeza watu wazima na vijana watibiwe kwa dawa hiyo peke yake. Kinachotuliza uvimbe ni steroidi ya kuvuta, kama beklometasoni. Kwa aliyeandikiwa kila siku, huvutwa hata siku ambazo kifua ni shwari, kisha mtu husukutua kinywa ili asipate utando wa fangasi. Wengi huogopa jina steroidi, na sioni sababu: kipimo cha kuvuta ni kidogo mno kikilinganishwa na cha vidonge.

Kwa watoto, dawa nyingi huishia kooni isipopitia chombo kati ya inhela na mdomo. Utafiti wa Cape Town uliochapishwa mwaka 1999 ulionyesha kuwa chupa ya plastiki ya mililita 500, iliyotobolewa kitako na kuchomekwa inhela bila kuacha mwanya, iliwasaidia sawa na chombo cha dukani.

Mgonjwa akishindwa kumaliza sentensi, midomo ikibadilika rangi, au mluzi ukinyamaza huku bado anahangaika, mkimbizeni hospitali, akiendelea kuvuta salbutamoli njiani.