Hemofilia si sababu ya kuchelewa kutibu homa ya ini C

Wazazi wenye watoto wa hemofilia mkoani Simiyu wanauliza swali lilelile: je, sindano ya faktari, yaani protini ya kugandisha damu, haitaleta homa ya ini C? Hofu hiyo ina chanzo. Hadi katikati ya miaka ya 1980 faktari ilitengenezwa kwa kuchanganya plazma ya maelfu ya wachangiaji, na mwenye virusi mmoja alitosha kuichafua yote. Ripoti ya uchunguzi ulioongozwa na Sir Brian Langstaff, iliyotolewa Uingereza Mei 2024, imeeleza maafa yaliyofuata. Lakini faktari ya leo huuliwa virusi kwa joto au kemikali, au hutengenezwa maabara bila damu ya mtu. Kwa mgonjwa wa Bariadi au Meatu hatari iko kwingine: pasipo na faktari, anayevuja damu huongezewa plazma au damu nzima, tena na tena. Mpango wa Taifa wa Damu Salama huipima damu hiyo, ila kipimo cha kingamwili kinaweza kukosa maambukizi ya wiki za mwanzo. Anayeikataa faktari kwa kuogopa virusi anaisogelea hatari anayoikimbia.

Kwa aliyekwisha kuambukizwa, kauli kwamba “homa ya ini haiponi” imepitwa na wakati. Virusi vya B huacha nakala yao ndani ya kiini cha seli. Vya C havina maficho hayo, hivyo huishi kwa kujinakili bila kupumzika. Hapo ndipo sofosbuviri inapovinasa. Kimeng'enya cha virusi huunga mnyororo mpya wa RNA kipande kwa kipande, na dawa hii hujifanya kipande halali. Ikishaungwa, kinachofuata hakishiki, kama ushanga ambao uzi umeingia lakini hauna tundu la kutokea. Daklatasviri huzuia protini nyingine inayohitajika katika kunakili na kufungasha virusi. Kwa wiki 12 za vidonge, zaidi ya asilimia 95 hupona. Wanaosema dawa hizi ni kali mno kwa mwenye hemofilia wanakumbuka enzi za intaferoni, iliyochomwa kwa miezi mingi na kushusha chembe sahani. Vidonge hivi haviingilii ugandaji wa damu.

Wengine husema: tutibu kwanza magoti yanayovujia damu ndani, ini lisubiri. Haliwezi kusubiri, kwa sababu ini ndilo kiwanda cha protini nyingi za kugandisha damu, faktari IX ikiwemo, na seli za mishipa yake hutoa sehemu kubwa ya faktari VIII. Ndiyo maana wenye hemofilia waliopandikizwa ini jipya walipona na hemofilia yenyewe! Ini likijaa makovu, chembe sahani hupungua na mishipa ya umio huvimba hadi kupasuka. Mwenye hemofilia atastahimilije hilo?

Wanaodai goti lililojaa damu ni la kurogwa, kisha wakalichanja chale kwa wembe uliotumika kwa mwingine, wanamvujisha mgonjwa na kumwambukiza kwa mkupuo mmoja. Waachwe, pamoja na wauza dawa za “kusafisha ini”. Aliyewahi kuongezewa damu apimwe. Kingamwili zikionekana, adai kipimo cha virusi vyenyewe, kwa kuwa takribani mtu mmoja kati ya wanne huvishinda bila dawa. Apime na B kabla ya kuanza vidonge, maana B iliyotulia inaweza kuamka C inapoondoka, na anayemeza rifampisini ya kifua kikuu amwambie daktari. Kipimo kirudiwe wiki 12 baada ya dozi ya mwisho. Ambaye ini lake lilikwisha kusinyaa aendelee kuchunguzwa saratani hata virusi vikitoweka.